Shemeji Sifuri

Sina hakika kama mimi ndiye ninayestahili kuandika maisha ya shemeji yangu. Yeye mwenyewe angesema sistahili, na angelisema mbele za watu. Lakini kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, hawezi kuyaandika bila kuyatia chumvi. Na kinyozi, ambaye katika duka lake ndimo shemeji alimopewa jina la Sifuri, hamtaji bila kusonya. Nimebaki mimi, mwalimu wa historia, mtu aliyezizoea hoja za pande zote hadi akasahau upande wake mwenyewe.

Alizaliwa katika nyumba ya wasichana watupu. Baba yao alikuwa dereva wa lori, na kila aliporudi safari aliwaita wote kwa jina la mkubwa wao ili asijisumbue kukumbuka. "Nilikuwa naitika jina la dada yangu," shemeji aliwahi kuniambia, "mpaka siku niliponyamaza. Nilichapwa, lakini jina langu alilijua." Sijui kama tukio hilo ndilo lililomfanya awe alivyo. Sisi tuliosoma tunapenda kuamini kwamba kila ukali una chanzo chake utotoni. Huenda alizaliwa mkali tu.

Alisomea ushonaji, akapanga chumba kimoja kinachotazama barabara, akawa fundi wa sare za shule. Kazi hiyo ilimfundisha kugombana bila kufungua mdomo, kwa maana mchana kutwa alibana pini midomoni. Wateja walimwogopa hivyo hivyo. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba hasira yenyewe huanza pale anapozitoa zile pini, moja baada ya nyingine, na kuzichoma kwenye kimto alichokivaa kwenye kifundo cha mkono.

Kaka yangu, alipomwoa, alikuwa mnadi wa mitumba. Mwenye banda la video lililo jirani na soko alimsikia siku moja akinadi makoti ya baridi katika jua kali, na watu wakinunua. Akaona mtu wa namna hiyo anaweza kuuza chochote. Akampa kipaza sauti.

Filamu zilizoonyeshwa bandani zilikuwa za mapigano, za kutisha na za Asia, na mara nyingi zilikuwa vyote hivyo kwa pamoja. Waigizaji walisema lugha ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezijua, na maandishi ya chini yalikimbia kuliko macho ya kaka yangu. Kwa hiyo alipunguza sauti ya filamu hadi ikawa mnong'ono, akaketi kando ya skrini, akawasemea wote: steringi, ambaye kwa kawaida hafi, adui, mama wa adui, hata mbwa. Aliyoyasema hayakuwa tafsiri. Yalikuwa mnada. Watu walimpenda.

Jumapili alasiri mashabiki wakubwa tulikutana kwa kinyozi kuihukumu filamu ya jana yake. Tulikuwa kinyozi mwenyewe, muuza vipuri vya pikipiki, na mimi. Kila mmoja alitoa alama, kuanzia sifuri hadi kumi, kwa yale tuliyoyaona na tuliyoyasikia, naye kinyozi akaiandika kwa povu la kunyolea juu ya kioo chake kikubwa. Muuza vipuri alipima filamu kwa wingi wa mifupa iliyovunjika. Kinyozi alitaka damu. Mimi nilitoa saba. Nilikuwa na sababu tofauti kila wiki, sababu nilizoziandaa kwa uangalifu, lakini mwisho wake ulikuwa saba.

Siku shemeji alipoingia kwa mara ya kwanza, tulikuwa tukijadili mzuka unaokula.

Ilikuwa hivi. Katika filamu ya jana yake, alipotokea mwanamke mwenye gauni jeupe na nywele zilizomfunika uso, kaka yangu alitangaza papo hapo kwamba huyo ni mzuka. Dakika chache baadaye mzuka ukapika, ukala, ukashikwa na tumbo, ukaenda hospitali na kukaa kwenye foleni. Mtu mwingine angekiri kwamba amechemka. Kaka yangu alisema kwenye kipaza sauti, bila kusita: "Mizuka ya huko, ndugu watazamaji, hula na huugua." Banda zima likakubali, nasi tukaja kwa kinyozi tukaijengea kauli hiyo nadharia.

"Mzuka wa Asia una mwili," kinyozi alikuwa akifafanua, wembe ukiwa hewani. "Ndiyo maana ukipigwa teke unaanguka. Wa kwetu utaupiga teke wapi?"

Muuza vipuri aliafiki. Nami nikaongeza maneno marefu kuhusu imani za jamii za wakulima, maneno ambayo hadi leo sijui niliyasoma wapi.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na koti la kazi alilomshonea kinyozi. Akaanza kutoa pini.

"Huyo si mzuka," akasema. "Huyo ni mwanamke mwenye njaa."

"Mama, haya ni mambo ya mashabiki," muuza vipuri akamwambia.

"Nilikuwa benchi la nyuma. Mwanamke kaachwa, karudi kuchukua vitu vyake, na nyie wanaume wazima mnamkimbia. Sifuri!"

"Filamu au mtafsiri?" kinyozi akauliza, akicheka meno nje.

"Filamu, mtafsiri, na nyie mnaompigia makofi."

Akalichukua mwenyewe kopo la povu, akachora sifuri kubwa kama sahani, mahali pale pale ambapo uso wa kinyozi ulionekana kiooni. Kinyozi akajitazama ndani ya duara lile na kicheko kikamkauka.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili. Hakualikwa. Alikalia kiti cha plastiki chenye mguu mbovu, akasikiliza, akatoa sifuri. Muuza vipuri akitoa tisa, aliambiwa, "Wewe ukiona mtu anavunjika shingo unaona spea." Kinyozi akitoa nane, aliambiwa kazi yake ni kukata watu masikio, lazima apende damu. Mimi aliniacha kwa muda, na nilidhani ni heshima. Kumbe alikuwa akinisubiri.

"Shemeji, na wewe?"

"Kwa kuzingatia upigaji picha, na kwa upande mwingine udhaifu wa hadithi, saba."

"Saba si alama, shemeji. Saba ni kujificha."

Wote walicheka, na ninaamini hicho ndicho kicheko pekee walichowahi kucheka pamoja naye.

Kwa muda mrefu nilidhani zile sifuri zilikuwa chuki ya mke kwa kazi ya mumewe. Niliielewa chuki hiyo siku nilipokula mchana kwao. Kaka yangu alichelewa, akaingia, akaketi, akavuta sahani bila salamu. Shemeji akatoa pini. "Unarudi nyumbani kama mgeni," akamwambia, "halafu unakula kama mwenyeji!" Kaka yangu alitafuna taratibu, macho kwenye dari, mithili ya mtu anayekariri.

Jumamosi iliyofuata, katika filamu ya mapigano, mchawi wa kike mwenye kucha ndefu alisimama juu ya paa la hekalu, akamnyooshea steringi kidole na kufoka: "Unarudi nyumbani kama mgeni, halafu unakula kama mwenyeji!" Banda likavunjika mbavu. Niligeuka. Shemeji alikuwa benchi la nyuma, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Hapo nikaelewa kwamba hakuja kutazama filamu. Alikuja kusikia ni neno lake lipi limeibwa wiki hiyo, na limetiwa katika kinywa gani. Kila ugomvi wa nyumba ile ulikuwa umesemwa na mizuka, wachawi na mama wakwe waovu, na mji ukacheka. Sokoni watoto walimpita wakirudia maneno yake, bila kujua kwamba ni yake.

Basi mwenye banda akaja kwa kinyozi, Jumapili moja, akasimama katikati yetu na funguo zake.

"Watu wanapungua," akasema. "Yule muuza dawa wa duka la kona anasoma maandishi ya chini bila kukwama. Nimempa mtafsiri wetu Jumamosi moja. Wastani wenu ukishuka chini ya tano, kipaza sauti anachukua muuza dawa. Nyie ndio mnaojua filamu."

Alipotoka, muuza vipuri alimtazama shemeji. "Hapo sasa sifuri yako ina kazi."

Jioni ile nilikuwa chumbani mwa cherehani, nimefuata suruali ya mwanangu, kaka yangu alipoingia. Sikuwahi kumwona akiomba. Alishika egemeo la kiti kwa mikono miwili.

"Mke wangu, unajua sina kazi nyingine. Mnadani wamejaa vijana."

Cherehani iliendelea.

"Nikilikosa banda nimekwisha. Unataka nikwambie nini?"

Cherehani ikanyamaza. Alitoa pini zote.

"Usiniambie kitu. Umesema vya kutosha, tena kwa mdomo wangu. Niapie kwamba hutasema maneno yangu mbele za watu, nami Jumapili nitakupa kumi."

"Kumi?"

"Kumi. Niapie, shemeji yangu akisikia."

Akaapa. Nilitazama suruali ya mwanangu kama mtu anayekagua mshono.

Jumamosi kaka yangu alitimiza kiapo, na filamu ikawa mbaya mno. Ilikuwa ya kutisha, yenye jumba la mbao na bibi kizee asiyekufa; lakini bibi kizee alisema, "Karibuni," na baadaye, "Nimekasirika." Steringi akajibu, "Sawa." Watu walipiga miluzi. Mmoja akauliza kwa sauti kama mtafsiri amefiwa. Kaka yangu alitoka jasho, na kila mdomo wa mwanamke ulipofunguka kwenye skrini alikishika kipaza sauti, akasita, akatamka neno moja lisilo na ladha. Nilitambua jambo ambalo sikupenda kulitambua: bila mkewe hakuwa na la kusema.

Jumapili kinyozi alitoa mbili. Muuza vipuri akatoa mbili, akiongeza kwamba ni za mbao zilizovunjika. Shemeji akasema, "Kumi."

"Kumi ya nini?" kinyozi akang'aka. "Ulilala?"

"Andika."

Aliandika kwa ghadhabu. Kisha wote wakanigeukia. Nikasema saba. Wastani ukavuka tano kwa unywele, kama alivyosema kinyozi mwenyewe, na kaka yangu akabaki na kipaza sauti.

Sijui alifikiri nini wiki ile. Labda aliisikia ile miluzi usingizini. Labda hakuwahi kuamini kwamba maneno ya mkewe ni ya mkewe. Aliyalea, aliyapa sauti, huenda aliyaona kama wanawe. Jumamosi iliyofuata banda lilijaa watu waliokuja kumzomea. Filamu ilikuwa ya bibi harusi aliyekufa, na mzuka wake ukatoka kabatini na kumsogelea mumewe aliyelala. Miluzi ikaanza. Kaka yangu akafumba macho, akakivuta kipaza sauti.

"Niapie!" akalia kwa sauti nyembamba ya kike. "Niapie kwamba hutasema maneno yangu mbele za watu, nami Jumapili nitakupa kumi!"

Banda likalipuka. Watu walipiga mabenchi kwa viganja. Kinyozi pekee hakucheka. Alikuwa amegeuka nyuma taratibu, akimtazama shemeji.

"Kumi!" akapayuka. "Kumbe ilikuwa rushwa!"

Shemeji alikuja kwa njia ya katikati, bila haraka. Hakuwa na pini mdomoni. Alipita mbele ya skrini, kivuli chake kikamfunika bibi harusi, akainama, akachomoa waya wa spika za kaka yangu. Halafu akaizungusha sauti ya filamu hadi mwisho.

Mzuka ukasema kwa lugha yake. Tulikuwa tumezoea kuusikia ukifoka, na kumbe haukuwa ukifoka. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka, akieleza jambo refu ambalo hakuna aliyelielewa.

"Mtoeni huyo mama!" watu wakapiga kelele. Chupa ya maji ikaruka, ikampata begani. Hakugeuka. Aliweka mguu juu ya waya.

"Mke wangu, chomeka," kaka yangu akasema. Bila spika, sauti yake haikufika benchi la pili.

"Sema kwa nguvu. Hawakusikii."

"Chomeka, nakuomba. Watu wanatutazama."

"Mimi wananitazama siku zote. Leo ni zamu yako."

Mwenye banda alikuwa amekwisha kufika, funguo mkononi, akimfokea kaka yangu kwamba asijisumbue kuja tena, muuza dawa ataitwa sasa hivi. Kinyozi alidai alama za Jumapili iliyopita zifutwe na kiti cha plastiki kitupwe nje. Muuza vipuri alitaka tu filamu iendelee. Na bibi harusi, juu ya vichwa vyao vyote, aliendelea kusema.

Shemeji akanitafuta kwa macho hadi akanipata, benchi la tatu, nimekaa, mikono magotini.

"Haya, shemeji," akasema, mguu bado uko juu ya waya. "Toa saba yako."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kuitoa.