Wadudu wa Maharage

Neno lililoharibu shamba lile nililiandika mimi, kwa kalamu nene ya wino mweusi, juu ya boksi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa bwana shamba katika kijiji kimoja cha upande wa Ushirombo. Mbolea ya chumvichumvi ilikuwa haiji, au ilikuja maharage yameshatoa maua, magunia yameloa na kugeuka mawe. Ndipo ofisi ya mkoa, Shinyanga, ikatuletea pakiti ndogo za udongo mweusi, laini kama masizi, wenye harufu ya tope la lambo. Tulielezwa kwamba ndani yake mna viumbe wasioonekana kwa macho. Ukiupaka udongo ule kwenye mbegu kwa maji ya sukari, viumbe hao huingia kwenye mizizi ya maharage, hujenga vinundu, na humo huvuta chakula cha mmea kutoka hewani. Mkulima angetumia mbolea kidogo, pengine asitumie kabisa.

Sikuwa na jina la Kiswahili la viumbe hao. Nikasema kama watu wanavyosema zahanati, ambako kinacholeta kuhara ni mdudu na kinacholeta kifua kikuu ni mdudu. Nikaandika kwenye boksi: WADUDU WA MAHARAGE. Nikalikabidhi kwenye ghala la kijiji, nikabaki na pakiti moja ya kujaribu nyuma ya nyumba yangu.

Wa kwanza kukubali alikuwa mama mmoja mjane, na alikuwa na sababu. Mumewe alimwachia eka moja iliyochoshwa na pamba, nayo ilipakana na shamba la shemeji yake, mwenyekiti wa kijiji. Shemeji aliitaka. Halmashauri ya kijiji ilimpa mama msimu mmoja: eka ikizaa ibaki yake, isipozaa apewe mwenye nguvu ya kuilima. Mbolea hakuwa nayo. Nilimwambia pakiti zitatosha, na akaniamini.

Siku ya kupanda alichota udongo ule mkononi, akaunusa.

“Bwana shamba, mbona hii inanuka dawa ya pamba?”

Nilimjibu kwamba kila kitu kinachotoka ghalani kinanuka hivyo. Ilikuwa kweli. Ghala lile lilinuka panya waliooza na dawa ya pamba, na hata unga uliolala mle ulikuwa ukimkereketa mtu koo. Sikunusa mwenyewe.

Wiki ya tano maharage yake yalikuwa ya njano kama majani ya mgonjwa. Aling'oa shina, akanionyesha mizizi mitupu, imenyooka kama nyuzi za katani. Nikaenda nyuma ya nyumba yangu kung'oa shina langu. Lilikuwa limejaa vinundu, na nilipokipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Mbegu ilikuwa moja, mvua ilikuwa moja.

Nilikwenda kwa mtunza ghala. Hakuficha lolote. Alikuwa amefungua kila pakiti, akatia unga wa dawa ya pamba, akakoroga kwa kijiti na kufunga tena kwa uzi.

“Si wewe uliyeandika wadudu?” aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa. “Nimelima pamba tangu utoto, wadudu nawajua. Ningewaacha wangehamia kwenye mahindi ya watu.”

Sikuwa na la kumlaumu. Mtu wa pamba akiambiwa wadudu, hufanya alichofanya yule.

Mkubwa wangu alikuja kutoka mkoani kwa Landrova. Alisimama pembeni mwa shamba, leso puani kwa sababu ya zizi la jirani, akakataa kushika mashina niliyomletea. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema tukiandika kwamba dawa ya ghalani ndiyo iliyoua, tutaulizwa nani aliyekabidhi boksi bila kueleza.

“Na aliyekabidhi ni wewe, kijana. Andika: mkulima hakufuata maelekezo.”

Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri na mistari ilinyooka. Nikatia sahihi. Yeye alikuwa anakula kuku wa mwenyekiti, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye saa ya mkononi, na karatasi yangu ilirudi na alama ya kidole chake.

Karatasi hiyo ndiyo iliyosomwa mbele ya halmashauri. Mama alisimama akauliza ni elekezo lipi ambalo hakulifuata. Aliuliza mara mbili, bila kupandisha sauti, na watu wakatazama chini. Hapo nikainuka nikasema ukweli: pakiti zilitiwa dawa ghalani, na wale walikuwa wadudu wa kufaa, wa kutunzwa.

“Tangu lini bwana shamba akafuga wadudu?” mmoja akachomekea, na kicheko kikazunguka.

Mwenyekiti aliwaacha wacheke washibe. “Dawa ya wadudu imeua wadudu,” akasema. “Kosa liko wapi?” Kisha akainua karatasi ili wote waione. “Na sahihi hii, bwana shamba, ni ya nani?”

Nilisema ni yangu. Nikaketi.

Eka ilikwenda kwa shemeji mchana uleule. Kabla ya siku ya kukabidhi, mama aliingia shambani akang'oa maharage yote, shina kwa shina, akawapa mbuzi. Mwenyekiti alilalamika kwamba ameachiwa ardhi uchi. Aliilima pamba, na nilikuwa nikimwona akipita na bomba la dawa mgongoni, akinyunyizia.

Wiki ileile aliyong'oa maharage nilikutana na mama njiani, amejitwika kuni. Nikamwamkia, shikamoo mama.

“Marahaba, karani,” akajibu, akanipita.