Waya wa Kupita Migombani

Nilitoka Mwanza na kompyuta yangu nimeizungushia blanketi. Singida, Dodoma, Iringa, Mbeya, kila stendi niliyolala niliikumbatia kama mgonjwa. Niliposhuka Tukuyu ilinyesha ile mvua ya kule isiyo na haraka ya kwisha. Nilishahama miji mingi, lakini nilipoona migomba imefika hadi mlangoni mwa watu nikasema hapa nitakaa.

Nilipanga chumba Msasani ya pale pale Tukuyu, kwenye nyumba ya mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha chai. Mwanawe mkubwa alikuwa Ulaya. Alimlipia baba yake intaneti ya waya wa simu na kumtumia kompyuta yenye kamera, ili waonane. Mke wa huyo mwana aliishi nyumba ndogo nyuma ya migomba. Alikuwa na kompyuta pia, lakini bila mtandao, na kuja sebuleni kutumia ule wa mzee haikuwezekana. Mzee alishika mila ya Kinyakyusa: baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawasemeshani. Mzee akikohoa barazani, yule dada anajificha migombani hadi apite.

Mwana aliposikia kwa baba yake kwamba mpangaji ni fundi wa kompyuta, akanipigia simu, akaniomba nimvutie mkewe laini. Nikapitisha waya darini, kisha migombani hadi kwake. Jioni ile nilimsikia akicheka na mumewe. "Ndaga, kaka," aliniambia, asante ya kwao, akanipa parachichi nisizoweza kuzimaliza.

Mzee aliufuata waya kwa macho kutoka kwenye kisanduku cha intaneti hadi darini.

"Huyu anaweza kuniona?"

"Hapana, mzee. Ni bomba moja lenye koki mbili. Kila mtu na ndoo yake."

"Mbona akifungua yeye, kwangu yanapungua?"

"Kwa sababu maji ni yale yale."

"Basi tumeshakutana," alisema, akaivalisha kamera kofia yake.

Siku moja alijifungia sebuleni, akamwambia mwanawe wa Ulaya kwa kompyuta kwamba shamba la Kisondela atampa mdogo wake. Kesho yake mke wa mzee akarudi kutoka nyumba ndogo na swali: mkwe anauliza, sisi tutalima wapi?

"Mlango ulikuwa umefungwa," mzee aliniambia. "Nani kamwambia?"

Akautazama waya. Nakiri hata mimi niliutazama. Nikakagua kompyuta zote mbili, sikuona njia ya moja kuisikia nyingine. Ndipo nikaanza kumshuku yule ambaye mzee hakumfikiria. Mwana akimaliza na baba, anampigia mke.

Mzee akaamuru waya utoke. Nilipokuwa nauvuta, dada alisimama mlangoni.

"Kwa hiyo mimi mwizi wa maneno?"

Tangu hapo, akitaka kumwona mumewe, alikwenda mjini kwenye chumba cha intaneti, akirudi ameloa. Zikapita siku chache, akapeleka swali jingine kwa mama mkwe: ni kweli mdogo wa mume wangu ameshaonyeshwa mipaka?

Asubuhi iliyofuata mzee alinikuta barazani, akakaa. Ule waya ulikuwa umening'inia kwenye msumari.

"Waya umetoka," alisema. "Anayepita huku na kule amebaki nani?"

"Mzee, muulize mwanao."

"Mwanangu ni damu yangu." Akanitazama kwa upole hasa. "Wewe ulisema umetoka wapi vile?"

"Mwanza."

"Mbali," akasema.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nikaizungushia kompyuta lile blanketi, nikautungua waya msumarini, nikapita nyumba ndogo kuaga.

"Wewe unajua ni nani," dada aliniambia.

"Na wewe unajua. Kwa nini humwambii?"

"Nimwambie kwa mdomo upi, kaka? Mama hatamchongea mwanawe, na mzee mimi sisemi naye."

Nikamwachia ule waya, hata sijui wa nini, nikaenda zangu stendi.