Bwana Usafi na Ukuta Wake

Jamani, mmeshawahi kuona maji ya mafuriko yanapungua wakati mvua ndiyo kwanza inapamba moto?

Mimi nimeona. Maji machafu yalikuwa yamejaa mlangoni kwangu, mara yakaanza kushuka yenyewe. Glu, glu, glu.

Kabla hatujashangilia, tukasikia mayowe kutoka kwa Bwana Usafi.

Ngoja kwanza niwaeleze huyu kiumbe.

Mimi ni msusi. Chumba cha mbele ni saluni, cha nyuma nalala na wanangu. Jirani yangu wa upande wa chini tulimbandika jina Bwana Usafi kwa sababu hapiti mtaani bila leso puani. Ukimsalimia hajibu. Akijibu, utadhani anakukopesha.

Siku moja akajenga ukuta wa zege katikati ya mfereji wa mtaa, pale unapoingia kwake. Eti maji yetu yananuka.

Nikaenda. "Baba, sasa yapite wapi?"

Hata geti hakufungua. Alinijibu kupitia kitundu.

"Dada, uchafu ni tabia. Jifunzeni kwanza kuishi kama watu."

Kama watu! Nilitamani nimsuke mdomo.

Tukamwendea mjumbe wa mtaa. Akaja, akanywa soda ndani kwa Bwana Usafi, akatoka akipangusa midomo.

"Vumilianeni tu, majirani."

Nikaona hata tusi langu nitalipoteza bure.

Basi ikawa ikinyesha kidogo tu, kinyesi kinaelea mbele ya saluni. Wateja wakahama. Mwanangu wa mwisho akaharisha mpaka akatundikiwa dripu. Bwana Usafi anapita, hata pole hakuna.

Sasa siku hiyo ikashuka mvua ya kweli, mchana kweupe. Maji yakavuka kizingiti. Mimi na fundi welda, mpangaji mwenzangu, tunachota kwa ndoo, tunamwaga, yanarudi. Ndipo yakaanza kupungua. Ndipo mayowe.

"Mama yangu! Jamani, mama yangu yuko ndani!"

Welda akanitazama. "Twende?"

"Huyo? Mwache aogelee."

Lakini mama yake alikuwa mgonjwa wa nyonga, hatembei bila mkongojo, na hajawahi kunikosea. Nikafunga gauni kiunoni, nikatangulia.

Ndani, choo chake cha kukaa kilikuwa kinatapika kama chemchemi. Zulia linaelea. Bibi wa watu yuko kitandani, maji yamefika godoroni, midomo inamtetemeka.

Na mwanawe? Amesimama juu ya sofa sebuleni, analia. Juu ya sofa! Mama yuko chumbani.

Tukambeba bibi mpaka kwangu. Welda akachukua nyundo kubwa, majirani wakamfuata na machepe. Ule ukuta haukumaliza saa moja. Maji yakaenda zake.

Mvua ilipokatika na mfereji ukabaki mtupu, tukaliona.

Bomba. Nene, limefukiwa vizuri, limetoka kwenye shimo la choo cha Bwana Usafi, mdomo umeelekezwa upande wetu wa ukuta. Kile kinyesi tulichotukanwa nacho kilikuwa chake! Alituachia mzigo, akaziba njia usipite kwake. Siku hiyo maji yalipozidi, yakaingia kwenye bomba lile lile yakamrudishia mali yake chumba kwa chumba.

"Kumbe miezi yote tulikuwa tunanusa heshima yake," welda akasema.

Bwana Usafi akaja kwangu amelowa hadi mapajani. Mnadhani aliomba radhi?

"Nani atanilipa zulia langu?"

Aliyemjibu ni mama yake, amekaa kwenye kiti changu cha wateja, amejifunga shuka langu.

"Nilikwambia lile bomba litakurudia. Ukanijibu, wale hawatajua."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, nichemshie maji nioge. Kwake sirudi."

Somo langu ni fupi. Anayekuita mchafu kila siku, usipoteze pumzi kubishana naye. Kaangalie bomba lake linamwagia wapi.