Sinyatire Ambayo Adalbert Hakuiona Ikiandikwa

Kambere Adalbert, mwana wa Kakule aliyelima kahawa kule Butembo, mujukuu wa Kambale aliyepeleka chumvi Beni kwa miguu, alitumika miaka makumi tatu na moja katika biro ya notere hapa Goma. Kazi yake ilikuwa kumuangalia mutu akitia sinyatire, kisha kugonga kashe, ule muhuri wa biro, chini ya maneno haya: amesaini mbele yetu. Kama hukufika mwenyewe alikurudisha, hata ukiwa mukubwa wa serikali.

Mara moja tu alikubali karatasi ya mutu asiyefika. Bashige alileta karatasi ya kuuzisha parsele, kiwanja cha shemeji yake, mujane Séraphine, kule Munigi, imeshatiwa sinyatire ya Séraphine. "Mujane wetu iko mugonjwa, muzee. Hawezi kusimama." Adalbert alikuwa amekaa na Bashige benchi moja kwenye kilio cha bwana ya Séraphine. Angemuita mwongo namna gani? Akafungua kitabu cha zamani chenye sinyatire ya Séraphine, akalinganisha. Zikafanana. Akagonga.

Kumbe Séraphine alikuwa muzima, Rumangabo kwa dada yake, vita vimefunga barabara. Aliporudi alikuta ukuta mupya katika parsele yake, na watu asiowajua wanaanika nguo. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Adalbert, mutaa wa Katindo.

"Papa Adalbert, ile siku nilisimama mbele yako, nilivaa nguo gani?"

Adalbert akamusogezea kiti.

"Sema tu. Labda nilipendeza."

Kuanzia pale chakula kilimushinda. Aliandika karatasi ya kukubali kosa: sikumuona. Lakini karatasi ya namna ile inataka kusainiwa mbele ya notere, na notere alikimbia vita. Tribinali ya kuhukumu ina kufuli. Bashige alishavuka mupaka. Kule Munigi wakaongeza chumba cha pili. Mapafu ya Adalbert yakaharibika.

Juma iliyopita akamuita Séraphine, na Masika, binti yake mwenyewe.

"Masika, kaa hapa mbele. Acha dirisha, angalia mukono wangu."

Akasaini ile karatasi ya kukubali kosa; kwa ugonjwa mistari ikapinda, wino ukaichafua. Masika akainama kuangalia.

"Papa, hawatakubali. Haifanane na sinyatire yako."

"Ile ya Bashige ilifanana," Adalbert akasema. "Tribinali ikifunguka, hata nikiwa nimeshakufa, uende na mama Séraphine. Useme uliniona."

"Na isipofunguka?" Séraphine akauliza.

Adalbert akakunja ile karatasi, akamupa Masika.

"Uichunge wewe."