Fungua Mpaka Mwisho

Saa moja asubuhi, Joanita Taaka anamimina chai mlangoni mwa kibanda chake, kando ya barabara ya Tororo, nje kidogo ya mji wa Busia. Kabla hajaionja, gari dogo jeupe linaingia, besi yake ikikwaruza kama debe lenye kokoto.

"Ofwono huyo," anasema bila kugeuka. "Ameiunguza tena."

Ofwono, mkazi wa Mulanda anayekodisha gari lake kwa maharusi, anashuka akifoka.

"Fundi, spika uliyonipa ni feki!"

"Nani amegusa hapa?" Joanita anaonyesha swichi ndogo kwenye amplifaya.

"Niligusa kidogo tu. Ilikuwa haipigi."

"Kidogo! Umezungusha mpaka ikagota."

Hii ni spika yake ya tatu kuungua tangu Pasaka.

Joanita, mwenye miaka 31, huseti amplifaya za sabufa, zile spika kubwa za besi za magari. Hucheza mlio mmoja mzito kutoka kwenye simu, akaizungusha swichi hiyo kwa bisibisi hadi mlio uanze kukwaruza, kisha akairudisha nyuma kidogo. Hapo redio na amplifaya zimeelewana.

"Hiyo si ya kuongeza sauti; ikizidi inaunguza spika. Sauti iko kwenye redio," anasema. "Nimewaambia mpaka mate yamekauka. Wanaitikia, ndiyo fundi, ndiyo fundi. Wakipita kona ile tu, mkono uko huko."

Gari moja humpa shilingi elfu thelathini za Uganda, na wateja hutoka pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Wote wana ombi moja: akae ndani, milango ifungwe, wajaribu kwa sauti ya mwisho. Kwa miaka minane amekuwa akikaa.

Mwezi uliopita, daktari mjini Tororo alimwambia kuwa sikio lake la kushoto limeharibika, na kwamba mlio kama wa nyenje anaousikia hautaondoka. Akiendelea hivi, la kulia litafuata.

Hajamwambia mteja yeyote. "Nani atampa gari fundi asiyesikia?" anauliza, akitazama chai yake iliyopoa. "Ningeweza kusikilizia nje. Lakini watasema naogopa kazi yangu mwenyewe."

Spika mpya imefungwa, na amplifaya imesetiwa; Joanita bado yuko ndani ya gari. Madereva wawili wanasubiri zamu yao.

"Sasa funga mlango, dada," Ofwono anasema. "Fungua mpaka mwisho. Leo nina harusi Kisoko."

"Iko sawa hivi."

"Sawa gani? Hii si redio ya matangazo ya vifo!"

Madereva wanacheka. "Fundi amezeeka," anatania mmoja wao, Obbo. "Besi inamtisha."

Joanita anaweka bisibisi chini. Anatoka garini.

"Sifungui," anasema, na wote wanamsikia. "Kuanzia leo, anayetaka kujaribu atakaa ndani mwenyewe. Mimi nitasikilizia hapa nje. Asiyetaka, mafundi ni wengi."

"Lakini dada..."

"Sikio langu la kushoto limekufa, Ofwono. Nyinyi ndio mmeliua, na mimi niliwaachia. Hili lingine siwapi."