Nilimwita Mfagiaji wa Karakana

Kosa ni langu, wala msinitafutie kisingizio. Niliyemwibia ni mke wangu wa ndoa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Iyunga, hodari wa mageti na wa maneno mengi. Mke wangu, Mama Neema, kila msimu huenda kwao Tukuyu kuchuma parachichi. Alichoka kuona matunda yakidondoka na kupondeka, kisha wanunuzi wanayakataa. Akachukua mwanzi, waya, kipande cha msumeno na mfuko alioushona kwa kitenge kilichochakaa, akaunda kichumio. Unavuta kidogo, tunda linatua kwenye kitambaa bila alama.

Nilicheka! Nikamwambia huo ni mchezo wa watoto.

Majirani wa kule walipoanza kukigombania, kicheko kikaniisha. Nikatoa mwanzi nikaweka bomba, nikapaka rangi nyekundu, nikaandika jina langu. Huo ndio uvumbuzi wangu mimi: rangi.

Nikakipeleka kwenye maonyesho ya wakulima. Mwamuzi mmoja akauliza kwa nini kile kisu cha msumeno kimepindwa vile. Nikababaika. Mama Neema, aliyekuwa nyuma yangu na chupa ya chai, akajibu taratibu, "Ili kikonyo kibaki kwenye tunda. Kikitoka, linaoza njiani."

Waamuzi wakamgeukia. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikasema, "Msimjali huyo, kazi yake ni kufagia karakana tu."

Wanaume wenzangu wakacheka, wakanipigia makofi, nikapewa cheti. Wapumbavu sisi! Hakuna aliyejiuliza mfagiaji amejuaje habari za kikonyo.

Mwezi uliopita wateja walionijia kwa ajili ya cheti kile wakaanza kurudisha vichumio nilivyowatengenezea. Vinang'oa vikonyo, parachichi zimewaozea kwenye kreti. Nikapinda visu huku na huku, wapi! Nikameza aibu, nikamfuata mke wangu jikoni kumwomba anionyeshe.

Hakugomba. Alisema tu, "Baba Neema, mimi si ni wa kufagia?"

Akachukua ufagio, akaenda karakana, akafagia vizuri sana.

Wewe unayemcheka mkeo akifungafunga waya jikoni, cheka tu. Ila siku watu wakiuliza nani kakiunda kitu hicho, mtaje jina lake, tena kwa sauti.

Mimi nimechelewa. Siku hizi Mama Neema ana kitu kingine anakiunda. Nikiingia ndani, anakifunika kwa kitenge, ananiuliza kama nimeshakula.