Siku Papa Aliposimama Kwenye Mstari Wangu

Harufu ya majani ya mikaratusi yaliyochemshwa ndiyo harufu ya mvua za utoto wangu. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Kadutu, juu ya soko, pale ambapo njia zinapanda mpaka mtu anakaribia kugusa ardhi kwa pua. Kila msimu wa mvua, ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukaingia ndani bila kubisha hodi, ukakaa mpaka saa nne. Wengine waliuita msimu wa kupanda maharage. Mimi niliuita msimu wa miguu. Baridi ile ilipofika, kitu kiliamka ndani ya mifupa yangu, kwanza kwenye mapaja, kisha kwenye vidole, mpaka mikono ikavimba na nikashindwa kufunga kifungo. Mama alichemsha yale majani, akalowesha kitambaa, akanikanda, na harufu ikajaa nyumba nzima hadi kwenye daftari zangu.

Leo najua kwamba ugonjwa wangu ni selimundu: chembe za damu zinajikunja, zinaziba njia, na sehemu ya mwili isiyofikiwa na damu inapata maumivu yasiyo na mfano. Wakati ule, miaka ya Zaïre, nikiwa mwaka wa tano wa shule ya msingi, hakuna aliyetutajia jina hilo. Muuguzi wa zahanati alisema ni baridi yabisi, akatupa aspirini. Na ugonjwa wenyewe ulipenda kuniaibisha. Asubuhi ulinilaza kitandani nisiweze hata kugeuka, halafu mara nyingine jioni ileile ukaniachia kabisa, papa, yaani baba yangu, akarudi kutoka kazini akanikuta nimekaa jikoni nakula sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kucheka na mama.

Papa alikuwa karani katika ofisi ya serikali. Abacost yake, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, ilipigwa pasi hata siku ambayo makaa yalikuwa ya shida, na sijui kama aliwahi kuchelewa popote. Shuleni kwetu, kila asubuhi kabla ya masomo, tulijipanga mbele ya bendera, tukaimba na kucheza ngoma za kusifu nchi na kiongozi wake. Mtoto aliyekosa mstari ule mara kwa mara alionekana mkaidi, na mzazi wake naye alitazamwa kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo papa aliona jambo moja tu: binti anayeugua saa ya mstari na kupona saa ya chakula. "Nabintu, ugonjwa yako inajuaka saa," aliniambia. "Asubui iko, mangaribi haiko. Miye nayo niko naweza pata ugonjwa ya vile?" Kisha ikaja barua ya mkurugenzi wa shule. Nikikosa tena bila sababu, nafasi yangu itapewa mtoto mwingine. Papa aliikunja barua taratibu, akaniambia kwamba ikifika hapo nitapelekwa kijijini Walungu kulima na koko, bibi yangu, na masomo yataishia huko. Nilikuwa wa pili darasani. Nililia siku nzima, na nilimchukia, sitaficha.

Lakini kosa lingine lilikuwa langu mwenyewe. Kwetu msichana husifiwa kwa kukaza moyo, nami nilijifunza somo hilo vizuri kupita kiasi. Maumivu yalipopanda sikupiga kelele. Niligeukia ukutani, nikauma pembe ya kitenge. Mgeni akiingia, nilimwamkia na kutabasamu, kwa kuwa mtoto aliyelelewa vizuri huamkia wageni. Nani angejua?

Aliyejua ni koko, mama yake papa, ambaye msimu ule alikuja kutoka Walungu kutibiwa macho, akapewa nusu ya kitanda changu. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho, lakini vidole vyake vilikuwa vizima. Asubuhi moja, akikunja kitenge changu, aligusa pembe iliyotafunwa mpaka ikawa matundu. Akaipapasa muda mrefu. "Hii si panya," alisema. "Ni meno ya mutu. Ni yako?" Nikakubali. Akaketi kando yangu, akaniomba nimweleze. Nilisema inauma. Akasema, "Inauma ni neno ya kila mutu. Mwiba inauma, mufiwa inamuuma. Yako iko vipi?" Sikuwa na neno lingine. Ndipo akanipa maneno yake yeye. Koko alikuwa amebeba mizigo tangu utotoni, jinsi wanawake wa kwetu wanavyobeba, kikapu mgongoni na kamba ikipita kwenye paji la uso, na paji lake lilikuwa na bonde dogo ambalo kamba ililichimba kwa miaka. Akaniuliza kama maumivu ya siku ile ni mzigo wa kuni kavu, au wa viazi, au wa mihogo iliyolowa maji. Nami nilijua mizigo, kwa sababu likizo zote nilizipitisha kwake. Nikamwambia ni mihogo. "Na siku ile mbaya kabisa?" Nikafikiri, nikasema ni mchanga, ule wa mtoni, ambao ukiubeba huwezi kuinua kichwa hata kumjibu mtu. Kisha nikaongeza kitu ambacho sikukipanga. Nikasema, "Lakini koko, muzigo unaitua ukifika. Hii siyo miye naitua." Nilimwona akipangusa yale macho yake mabovu, nikadhani ni dawa.

Jumapili baada ya misa, mama akiwa ameinjika maharage, koko alimwita papa uani. Alikwishajaza kikapu mchanga uliobaki kwa fundi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani. "Inama," akamwambia mwanawe. Papa alicheka. Mwanaume wa kwetu habebi kwa kamba ya kichwa, hiyo ni kazi ya wanawake, na mwanaume mwenye abacost ndiyo kabisa. "Maman, unataka watu banicheke?" Koko akajibu kwamba yeye amembebea chakula kwa kamba hiyohiyo mpaka akawa karani, na hakumbuki watu kumcheka. Papa akainama. Koko akamwekea kamba kwenye paji, akamwambia asimame hapo mpaka maharage yaive.

Wanaojua maharage ya mlimani wanajua hiyo si saa moja. Mwanzoni papa alitania, akatembea uani kama askari wa gwaride, na mama akajificha mlangoni asionekane akicheka. Maji hayajachemka, shingo ikaanza kutetemeka. Wakati huohuo akaingia citoyen mmoja, yaani mwananchi kama tulivyoitana enzi zile, wa ofisini kwao, mtu mwenye sauti kubwa, amekuja kusalimia. Papa akataka kutua mzigo. Koko akamzuia kwa fimbo yake. "Apana. Musalimie mugeni. Cheka, mwana. Muulize habari ya bibi na batoto." Papa akasalimia. Akajaribu kutabasamu, na uso ule sijausahau: midomo ilicheka, macho yalikuwa yanaomba msaada. Mgeni hakuelewa kitu, akaaga haraka. Jasho likamdondoka papa puani, mshipa ukasimama shingoni, akasema kwa sauti ndogo, "Maman, siwezi tena. Nishushe."

Koko hakuinuka. Akasema, "Nabintu anaombaka nani amushushe?"

Mama alikuja akasaidia kukitoa kile kikapu. Papa alikaa chini kwenye udongo na suruali yake ya misa, paji lake likiwa na mstari mwekundu, akanitazama mimi niliyekuwa nimeketi kwenye kizingiti na miguu yangu iliyofungwa vitambaa. Hakuomba radhi, na sikutegemea aombe. Aliuliza tu, "Leo iko muzigo gani?" Nikamwambia wa viazi. Akaitikia kwa kichwa polepole, akauliza kama viazi ni kabla ya mihogo au baada yake. Koko akampangia yote upya, na papa akasikiliza kama mwanafunzi.

Siku ya tatu ilikuwa ya mchanga. Ukungu haukuonyesha hata mti wa jirani. Papa alikuja kitandani, akauliza, nikajibu, akavaa na kutoka mapema. Yaliyofuata nilisimuliwa na darasa zima, kila mtu kwa namna yake. Papa alimkuta mkurugenzi mbele ya bendera, akamweleza kwamba binti yake anaumwa kwelikweli na si uvivu. Mkurugenzi akasema kila mzazi husema hivyo, na yeye anachotaka ni mstari usio na pengo. "Basi hamutakosa mutu, citoyen directeur," papa akasema, "miye nitasimama pa nafasi yake." Akaenda akasimama mwaka wa tano, safu ya wasichana, kati ya wawili waliomfika kiunoni. Wimbo ulipoanza akaimba. Ngoma ilipoanza akacheza, viatu vyeusi kwenye matope, akipiga makofi nyuma ya wengine kwa sababu hakujua hatua. Shule yote ilicheka mpaka walimu wakageuza nyuso. Akamaliza, akashuka kilima kwenda kazini, na kwa mara ya kwanza nilivyojua mimi, akachelewa.

Alifanya hivyo mara nne msimu ule. Kadutu nzima ilimjua, na sokoni wanawake waliniuliza baba yangu amefika mwaka wa ngapi. Mara ya nne mkurugenzi alimfuata safuni, akamwambia arudi nyumbani, na kuanzia hapo jina langu likaandikwa mgonjwa, si mtoro. Nafasi yangu ilibaki. Mwaka uliofuata nilimaliza shule ya msingi.

Papa na koko hawapo tena. Nawashukuru kila siku, na papa namshukuru zaidi kwa kuwa yeye ilimgharimu kicheko cha watu. Maumivu hayakupungua hata kidogo kwa yeye kuyajua. Ila tangu siku ile sikuyabeba na huku nikiyatetea, na nadhani ile nguvu niliyookoa ndiyo iliyonifikisha utu uzima, mahali ambapo wengi wenye damu kama yangu hawakufika. Leo mambo ni afadhali sana. Kuna kipimo cha damu, kuna vidonge vya kila siku, na muuguzi huniuliza maumivu ni ngapi kwa kumi, akaandika nilichosema bila kunikunjia uso. Nawaonea fahari watoto wanaokulia kwenye mambo haya.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la kliniki na msichana wa miaka kumi na miwili, ana karatasi zake zote, ana jina la ugonjwa, ana dawa mkobani. Nikamuuliza nyumbani wanasemaje akishikwa na maumivu. Akatazama viatu vyake. "Papa anasemaka niko nadeka," akajibu.

Nilimwambia muuguzi nitarudi kesho, nikamshika yule mtoto mkono, nikamwomba anionyeshe njia ya kwao.